Wajumbe Mbele ya Mfalme wa Uhabeshi

Sanamu tunayoitazama leo ilichorwa Tabriz, katika nchi ya Waajemi, karibu mwaka 1314. Imo katika kitabu kikubwa cha historia ya mataifa, kilichotungwa na Rashid al-Din, tabibu na waziri wa wafalme Wamongoli waliotawala huko. Mfalme Mwafrika, tena Mkristo, ameketi katika kiti cha enzi: ndiye Negus wa Uhabeshi. Mbele yake wapo wajumbe wa Makka, waliokuja kudai Waislamu wa kwanza waliokimbilia kwake. Kwa mapokeo ya Waislamu, wajumbe walileta zawadi za ngozi. Negus akasikiliza kwanza maneno ya wakimbizi, hata habari za Bikira Maria, ndipo akarudisha zawadi na kukataa kuwatoa wageni wake.

Mchoraji ametumia mistari ya wino na rangi nyepesi, akifuata Wachina. Mtu asitafute hapa jumba la Aksum. Hakulijua, akamketisha Negus kama alivyozoea kuona mabwana zake Wamongoli wakiketi. Huo ni upungufu, lakini si mkubwa. Kwa kuwa mapambo ni machache, tunabaki na watu tu: anayedai na anayekataa.

Na mabwana hao waliijua kazi ya ujumbe. Mwaka 1287 walimtuma Ulaya mmonaki Rabban Sauma, naye mwaka 1288 akapokea Komunyo Roma mkononi mwa Papa Nikolao IV. Öljaitü, aliyetawala kitabu kilipochorwa, alibatizwa utotoni kwa jina la Nikolao, kisha akawa Mwislamu. Kumwonyesha mfalme Mkristo akitenda haki hakukuwa ajabu kwao.

Wengi husifu zaidi Shahnama ya Shah Tahmasp, ya karne ya 16, yenye sanamu 258. Kwa ufundi siwabishii. Lakini katika dhahabu ile yote jicho huona mavazi na mazulia kabla ya kuona uso wa mtu. Hata kitabu chenyewe kilipelekwa kwa Sultani Selim II wa Waturuki mwaka 1568, kiwe zawadi ya ujumbe! Negus angalikirudisha?

Kitabu cha Tabriz kimegawanyika. Sehemu moja iko Edinburgh, nyingine katika mkusanyo wa Khalili. Atakayekitazama aangalie vema: weusi mwingine kwenye nyuso na nguo ni fedha iliyopakwa zamani ikaharibika, si rangi aliyoichagua mchoraji.