Mkono wa Mpimaji

Kabla hajamgusa mteja, mtaalamu wa maabara hutazama kipimajoto cha ukutani. Februari, joto la Dar es Salaam hupita nyuzi 30, na SD Bioline, ambayo kwa miaka mingi ndiyo imekuwa kipimo cha kuanzia katika upimaji wa VVU nchini Tanzania, haitakiwi kuhifadhiwa kwenye joto zaidi ya hapo. Anaandika nyuzi daftarini, anasoma tarehe ya mwisho wa matumizi, ndipo anapoichana pakiti. Juu ya kifaa anaandika namba ya mteja.

Anachagua kidole cha pete, anakifuta kwa pamba yenye spiriti, kisha anatulia. Spiriti isipokauka huharibu chembe za damu, tena humwasha mteja bure. Anachoma pembeni mwa ncha ya kidole. Tone la kwanza analifuta kwa pamba kavu. La pili analiacha likue lenyewe bila kukikamua kidole, maana kidole kikikamuliwa hutoa maji ya mwilini yanayoizimua damu.

Hapa ndipo ustadi unapoonekana. Anagusisha mrija mwembamba kwenye tone, damu inapanda hadi kwenye alama: mikrolita 20, bila kiputo. Anaishusha kwenye kishimo cha kifaa, kisha anadondosha matone manne ya kimiminika huku chupa ikiwa wima. Ukiinamisha chupa, matone hayalingani.

Anabonyeza saa.

Kimiminika kinatambaa kwenye kitepe. Kama kingamwili za VVU zimo, zinashikana na vijichembe vya dhahabu na kunaswa kwenye mstari. Wekundu unaoonekana ni wa dhahabu hiyo. (Dhahabu, kwenye kipimo cha bei nafuu!) Kabla ya dakika 10 hasomi. Baada ya dakika 20 hasomi tena. Mstari hafifu kwake ni mstari. Mstari wa udhibiti, unaoonyesha kuwa kifaa kimefanya kazi, usipojitokeza, kifaa kinatupwa na kazi inaanza upya, hata kama foleni imefika mlangoni.

Kipimo kikionyesha maambukizi, bado hatoi jibu. Anachukua Uni-Gold, kipimo cha kampuni nyingine, kwa kuwa si rahisi vipimo viwili tofauti vikosee pamoja. Yote haya hayahitaji umeme, wala mashine za ELISA, njia ya kupima VVU iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1985 na ambayo bado inatumika kwenye maabara kubwa.

Mpimaji naye hupimwa ustadi wake. Huletewa vijichupa vya sampuli zilizokaushwa, zimetiwa rangi ya kijani zionekane chini ya kichupa. Anaziyeyusha na kuzipima bila kujua majibu yake, kisha wenye majibu wanamsahihisha.

Ukienda kupima, usimharakishe mtu wa namna hii. Na ukiambiwa huna maambukizi ilhali ulijiweka hatarini wiki chache zilizopita, rudi baada ya miezi mitatu, kwa kuwa kingamwili huchukua muda kujitokeza.