Dunia Kuwekwa Magotini: Meza ya Vanderbilt

Walioipanga meza hii walikosea mahali pa kuiweka dunia. Nasema mapema ili wale wanaopima njumu kwa mfuko wa mwenye nyumba wakasirike mapema pia.

Meza mnaijua: ya maktaba ya William H. Vanderbilt, tajiri wa reli wa Marekani, kazi ya karakana ya Herter Brothers, New York, 1879 hadi 1882. Rozwudi, mti wa jamaa ya mpingo, imetiwa njumu za shaba ya manjano na lulumizi. Njumu zake za nyota zimekaa vizuri, sina neno. Lakini dunia! Nusu moja imetiwa kwenye kibao cha mguu wa upande huu, nusu ya pili upande ule. Simama utakapo, dunia nzima huioni. Ukiitazama Amerika, Afrika imekupa kisogo, na kati yao pana mita moja na nusu ya mbao. Tena ziko usawa wa magoti, ambako kivuli cha ubao wa juu hufika kabla ya macho. Vuta kiti tu, bara zima limezibwa.

Umbo limetoka Roma, kwenye meza za marumaru zilizosimama juu ya vibao viwili vizito. Mrumi alivichonga vibao vile kwa kina, simba wenye mabawa, kwa sababu kina hunasa mwanga wa pembeni hata kivulini. Lulumizi haina kina. Hung'aa mwanga unapoiangukia, na chini ya meza mwanga hauanguki. Wameazima mguu wa Mrumi bila kuuliza kwa nini aliuchonga.

Mtasema narudi kwa Boulle, fundi wa njumu wa Kifaransa. Narudi. Mzee yule, aliyefariki 1732, alibandika ng'amba na shaba pamoja, akakata vyote kwa msumeno mmoja, na mkato mmoja ukampa ruwaza mbili. Kisha akaziweka zinapoonekana.

Kinachouma ni kwamba Herter wenyewe walijua. Litazameni kabati lao jeusi lililokuwa la mwigizaji Lillian Russell: maua ya njumu yanapukutika kutoka juu, milango imeachwa karibu mitupu, kwa adabu ya Kijapani. Njumu chache, na hakuna hata moja iliyofichwa.

Meza sasa iko Metropolitan Museum. Ukataji wake ni wa daraja la kwanza. Upangaji wake haufiki hata la tatu.