Elisi na Mawaidha Yaliyovurugwa

Hudhaniwa kwamba ugumu wa kumfasiri Lewis Carroll umo katika wanyama wasemao. La hasha, ngano zetu zimejaa sungura wasemao. Ugumu umo katika mashairi. Katika matini ya 1865, Alice anapokariri mashairi ya mawaidha aliyofunzwa, maneno humgeukia yakawa upuuzi. Msomaji wa Uingereza alicheka kwa kuwa aliyajua yale ya asili. Yakifasiriwa neno kwa neno, dhihaka hufa. Tunazo tafsiri mbili, ya 1940 na ya Ida Hadjivayanis ya 2015. Itakayofuata imwache msichana avuruge Utendi wa Mwana Kupona (1858), wosia wa mama kwa bintiye. Naona inafaa kuthubutu, ingawa Lamu si wote watakaocheka.