Istilahi ya "Maumivu Sugu": Je, Yafaa?

Miongoni mwa istilahi za tiba zilizokwisha kuenea katika vijitabu vya afya, vipindi vya redio na mazungumzo ya hospitalini, mojawapo ni "maumivu sugu". Hutumika kutaja maumivu ambayo hayaishi jeraha linapopona, bali huendelea, au hutoweka na kurudi, kwa zaidi ya miezi 3. Kipimo hicho cha miezi 3 ndicho kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani katika toleo la 11 la uainishaji wa magonjwa, lililoanza kutumika mwaka 2022. Dhana yenyewe, basi, ni bayana. Makala haya hayakusudii kuihoji dhana, bali jina tulilolipa.

Sugu, kwa maana yake ya asili, ni ngozi iliyokuwa ngumu kwa kusuguliwa: kiganja cha mshika jembe, kisigino cha mwenda peku, paji la uso la mwenye kusujudu sana. Sifa moja ya mahali penye sugu ni kwamba pamepoteza hisi. Ukipabonyeza, mwenyewe hasikii uchungu. Kutokana na maana hiyo twasema mtoto fulani "amekuwa sugu", yaani amezoea kukemewa hata makemeo hayamwingii tena. Maana ya pili imechipuka hapo: tuna mhalifu sugu na mdaiwa sugu, watu walioonywa wasionyeke. Maana ya tatu ni ya kitaalamu. Klorokwini ilipokuwa haiponyi tena malaria kama zamani, wananchi waliambiwa kwamba kuna malaria sugu; Tanzania Bara iliiacha dawa hiyo mwaka 2001, na mwishoni mwa mwaka 2006 ikaanza kutumia dawa mseto. Leo twasema "usugu wa vimelea dhidi ya dawa", na kila mhudumu wa afya anaelewa.

Tunazo, kwa hiyo, maana tatu: kisichohisi, kisichorekebika, na kisichosikia dawa. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo sawa na dhana ya maumivu yaliyozidi miezi 3. Mbaya zaidi, kila moja humpotosha msikilizaji kwa njia yake. Maana ya kwanza hudokeza kwamba mgonjwa amekwisha kuyazoea. Ya pili humfananisha na mkaidi. Ya tatu humwambia kwamba dawa zimeshindwa, hata kama hajawahi kupewa dawa iliyofaa.

Hili si suala la kuchezea maneno. Mtu mwenye selimundu huzaliwa na ugonjwa ambao chembe zake za damu hujikunja kama mundu, huziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali ya mifupa, leo na tena baada ya wiki au miezi. Atafika hospitali mara nyingi katika maisha yake, na kila mara ataomba dawa ya kutuliza maumivu. Jalada lake likiwa limeandikwa "maumivu sugu", ni rahisi kwa anayempokea usiku kusoma "mgonjwa sugu": yule yule, na malalamiko yale yale. Inafaa tuone tofauti hapa. "Selimundu" ni istilahi nzuri kwa sababu inaeleza umbo la kitu na kunyamaza. "Sugu" inatoa hukumu kabla ya uchunguzi.

Neno la pili linalostahili kuangaliwa ni kitenzi "kuumwa". Katika Kiswahili cha kila siku, anayesema "naumwa" husema mambo mawili kwa pamoja: kwamba ni mgonjwa, na kwamba anasikia maumivu. Lugha yetu haikuyatenga. Lakini tiba ya kisasa huyatenga, kwani huutafuta ugonjwa katika damu, mkojo na picha za eksirei. Mwenye kuumwa mgongo mwaka mzima hupimwa, vipimo visioneshe kasoro, naye huambiwa, "Huumwi." Mganga amekusudia kusema kwamba hakuuona ugonjwa. Mgonjwa amesikia kwamba maumivu yake ni ya uongo. Wote wawili wametumia Kiswahili sanifu, wala hawakuelewana.

Kitaalamu, mgonjwa ndiye mwenye haki. Jumuiya ya Kimataifa ya Uchunguzi wa Maumivu ilipoirekebisha fasili yake mwaka 2020 iliweka bayana kwamba maumivu ni jambo analolihisi mtu mwenyewe, kwamba yaweza kuwapo pasipo jeraha linaloonekana, na kwamba maelezo ya mwenye kuumwa yaheshimiwe. Kauli sahihi, kwa hiyo, ni "Vipimo havikuonesha chanzo cha maumivu yako." Ni ndefu kuliko "huumwi", lakini ni ya kweli, na inaacha mlango wa tiba wazi.

Kuna hasara ya tatu, nayo ni ya utajiri unaopotea. Sikiliza watu wanavyoeleza wakiachwa waeleze: kichwa kinawanga, jino linapwita, tumbo linasokota, kifua kinabana, nyayo zinawaka moto, vidole vinachomachoma kama sindano kisha vinakufa ganzi. Kila kitenzi kina kazi yake, na mara nyingi kinaashiria chanzo chake. Nyayo za mwenye kisukari zinapowaka moto, au ngozi inapoendelea kuungua baada ya mkanda wa jeshi kupona, aghalabu ni neva zilizodhurika. Maumivu ya namna hiyo hayatulizwi vyema na parasetamoli. Huhitaji dawa nyingine kama amitriptilini, ambayo awali ilitumika kutibu sonona. Lakini vitenzi hivyo vyote vikiandikwa katika jalada kwa neno moja "maumivu", habari iliyokuwa imfikie mganga imepotea njiani, na mgonjwa atarudi nyumbani na vidonge vile vile.

Mwaka 1975 mtaalamu Ronald Melzack, wa Chuo Kikuu cha McGill huko Kanada, alichapisha hojaji yenye maneno 78 ya kueleza maumivu, akiyapanga katika makundi 20. Maneno hayo ni ya Kiingereza. Tukiyatafsiri moja moja tutapata orodha ambayo hakuna Mswahili anayeumwa hivyo. Linalotakiwa ni kuifuata njia yake: kuanza na vinywa vya wagonjwa wa Tanga, Sumbawanga na Unguja, kisha kuyapanga maneno yao. Hapo istilahi itakuwa imetoka kwa wenyewe.

La mwisho ni jina "dawa za kulevya". Shirika la Afya Duniani lilipotoa ngazi zake tatu za kutuliza maumivu ya saratani mwaka 1986, liliiweka mofini katika ngazi ya juu. Kwetu jina linalotumika kwa heroini ya vijiweni ndilo hilo hilo linaloigusa mofini ya wodini, na sheria ya mwaka 2015 inazisimamia zote. Udhibiti ni wa lazima. Hata hivyo jina moja kwa vitu viwili huwafanya ndugu wa mgonjwa waikatae dawa, na huenda likamtia hofu hata mwenye kalamu ya kuiandika. Wapo wanaosema "dawa tiba zenye asili ya kulevya". Ingawa ni kirai kirefu, kinatenganisha, nasi twakiunga mkono.

Tupendekeze nini, basi, mahali pa "maumivu sugu"? Wengine hutumia "maumivu ya kudumu". Hatulipendelei, kwa kuwa "kudumu" katika "ulemavu wa kudumu" ni ahadi ya kutokwisha, ilhali maumivu mengi ya namna hii hupunguzwa kwa dawa, mazoezi ya viungo na ushauri. Linalobaki ni "maumivu ya muda mrefu", lenye mwenzake "maumivu ya muda mfupi", na mpaka wa miezi 3 kati yao. Neno "sugu" libaki kwa vimelea.

Tutapingwa kwa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba "sugu" ni fupi, na ufupi ni kanuni ya istilahi. Ni kweli, lakini ufupi huja baada ya usahihi, wala haujapata kuwa badala yake. Ya pili ni kwamba neno limekwisha kuzoeleka. Hoja hiyo ingetosha kama hasara ingekuwa ya wanaisimu peke yao. Hapa anayelipa ni mtu aliyeketi kwenye benchi la zahanati tangu alfajiri, ambaye neno moja katika jalada lake laweza kuamua kama atasikilizwa au atarudishwa. Tunaiweka hoja hii mbele ya waganga, wauguzi na wafasiri, tukiomba wailete michango yao kabla jina hili halijaota sugu katika lugha.