"Seva ya Maendeleo": Maoni juu ya Rasimu Moja ya Mwongozo

Hivi karibuni tulipewa kusoma rasimu ya mwongozo uliofasiriwa kwa Kiswahili, unaowaelekeza walimu na watumishi wa ofisi namna ya kuweka Django katika kompyuta zao. Django ni kiunzi cha kuundia tovuti. Kilianzia katika gazeti la mji wa Lawrence, jimbo la Kansas, Marekani, mwaka 2003, kikatolewa kwa watu wote mwaka 2005. Jina la mfasiri tunaliacha, kwani makosa yake ni ya wengi, na bidii yake ni ya wachache.

Tuanze na yaliyo mepesi. Lugha ya Python, ambayo ndiyo iliyoandikiwa Django, mfasiri ameiita "Chatu". Jina la pekee halifasiriwi. Na hata lingefasiriwa, Guido van Rossum aliyeibuni lugha hiyo hakumkusudia nyoka, bali kikundi cha wachekeshaji wa Uingereza. "Kompyuta ya kienyeji" nayo ilitushangaza, maana wa kienyeji tunayemjua ni kuku. Kinachotajwa ni kompyuta ile ile iliyo mbele ya msomaji, na maneno "kompyuta yako" yanatosha.

Zito zaidi ni neno "bandari". Tovuti ikishawashwa, tunaambiwa, itaonekana katika "anwani 127.0.0.1, bandari 8000". Kiingereza kina umbo moja la neno kwa bandari ya meli na kwa tundu la kupitishia kitu. Mfasiri amelishika lile la kwanza, akatia nanga pasipo maji. Hapa pana mlango. Kompyuta ina milango yenye namba, ya mwisho ikiwa 65535, na programu inayongoja wageni hukaa katika mlango wake. Ile anwani 127.0.0.1 ni ya kompyuta kujiita yenyewe. Akiambiwa "mlango 8000", mwanafunzi ataelewa upesi kwa nini programu ya pili ikikataliwa hapo yampasa aipe mlango mwingine. Akiambiwa "bandari", atakariri tu.

Vivyo hivyo "uhamishaji". Katika Django kuna hatua ya kurekebisha muundo wa majedwali ya hifadhidata ulingane na programu ilivyoandikwa. Hakuna kinachohama. Karani mwenye majina ya wanafunzi elfu mbili atakaposoma "hamisha hifadhidata sasa" atasita, na ana haki ya kusita. "Rekebisha majedwali" ingemwondolea hofu.

Lakini yote hayo ni madogo mbele ya "seva ya maendeleo". Django huja na seva ndogo ya kumwezesha mwundaji kuona kazi yake akiwa bado anaiunda. Waliotengeneza Django wanaonya wazi kwamba seva hiyo haikukaguliwa kwa usalama wala kupimwa nguvu, isitumiwe kuhudumia umma. Mfasiri ameandika: "Usitumie seva ya maendeleo katika uzalishaji." Kila neno lina asili yake katika kamusi, na sentensi nzima ni potofu. Kwetu sisi maendeleo ni jambo jema, ni shule, zahanati na barabara. Seva ya maendeleo basi itakuwa seva bora kuliko nyingine. Na uzalishaji ni wa viwanda na mashamba. Mtumishi wa ofisi isiyozalisha pamba wala saruji ataliona onyo hilo halimhusu, ataiweka seva hiyo mbele ya wananchi, naye atakuwa ametii mwongozo. Tena mpangilio wa kufichua makosa, ambao katika mradi mpya huwa umewashwa, mwongozo unauita "hali ya wadudu". Nani atahangaika kuizima? Ikiachwa hivyo, kosa likitokea mgeni yeyote ataonyeshwa mistari ya programu na mengi ya ndani yasiyomhusu.

Tunapendekeza "seva ya karakana", na mahali pa "uzalishaji" paandikwe "huduma ya umma". Tulifikiria "seva ya majaribio", tukaiacha, kwa kuwa kujaribu ni kazi nyingine yenye zana zake. Karakana kila mtu anaijua: ni mahali ambapo gari hufunguliwa boneti na fundi yumo chini yake, wala hapana abiria anayeketishwa humo. Wapo watakaocheka. Wacheke, mradi seva ibaki karakanani.

Hatukatai kwamba rasimu ina mazuri. "Kupakua" limetumiwa barabara, neno la chungu na la jahazi ambalo halikuhitaji kutangazwa na yeyote. "Mazingira pepe", yaani folda ambayo mradi mmoja huwekewa maktaba zake ili zisigongane na za mradi mwingine, halituridhishi. Pepe la mpunga ni punje isiyo na kitu, na folda hii imejaa. "Mazingira tengwa" lingefaa. Kuhusu "kiunzi" mfasiri yu peke yake dhidi ya wanaotaka "mfumo", nasi tu upande wake: mfumo umekwisha kubebeshwa elimu, siasa na malipo, hali kiunzi ni umbo la chombo kingali kinaundwa, linalongoja mbao.

Rasimu tumeirudisha. Ukurasa wa onyo tumeomba ufasiriwe upya kabla ya kurasa nyingine zote, na asomewe karani asiyejua Kiingereza, kisha aulizwe atafanya nini.