Sifa za Fundi wa Ukoka

Wahenga walionya kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Leo naomba ruhusa ya kulivunja onyo hilo kwa ajili ya fundi wa ukoka, kwa kuwa huyu hata akilewa sifa akazidisha maji kidogo, kazi itapendeza tu. Tena ni fundi asiye na wa kumsifu. Mchonga milango wa Zanzibar hupigwa picha na watalii, na mshona kanzu husifiwa kila Ijumaa. Mtandika ukoka akishamaliza, wageni huja, huvua viatu, hukaa juu ya kazi yake na kuisifia nyumba.

Dar es Salaam hatafutwi mbali. Yuko kwenye bustani za kandokando ya barabara, kati ya miche ya miembe, vyungu vya saruji na viroba vya samadi. Ukimuuliza bei, aliye hodari hakujibu upesi. Huanza yeye kuuliza: nyumba imekamilika lini? Maji ni ya bomba au ya kisima? Jua la mchana linapiga upande gani? Gari litapita wapi? Mteja mwenye haraka huona anazungushwa, kumbe kila swali linamwokolea fedha. Nyumba mpya maana yake kifusi: vipande vya tofali na mabaki ya saruji yaliyofukiwa kwa mchanga siku ya kukabidhi funguo. Saruji huupa udongo hali ya magadi, na mizizi ikiifikia hudumaa. Kisima cha karibu na bahari aghalabu kina chumvi, na hapo fundi atataja paspalumu, inayoistahimili. Penye kivuli cha mti atakuelekeza kwenye nyasi ya Pemba, mmea wa asili wa mwambao wa Bahari ya Hindi, wenye majani mapana. Ukoka mwembamba wa kawaida unataka jua; chini ya mwembe hukonda hadi ukafa.

Mkikubaliana, usitegemee kuona kijani mapema. Kwanza kuna vita na ndago. Gugu hili huacha viazi vidogo ardhini, na ukikata majani yake tu, kesho limerudi na ndugu zake. Kwa hiyo fundi hulima, humwagilia, kisha huziacha ndago zichomoze zenyewe ili azing'oe na viazi vyake. Baadaye hurudia. Mwenye nyumba akichungulia dirishani anaona vumbi na mtu aliyeegemea jembe. Wengi hukosa subira hapa, wakamfukuza aliyekuwa akiwafanyia kazi ya maana kuliko zote, wakamwita wa kutandika siku hiyohiyo. Ndago hawazioni tena, mpaka zinapotoboa zulia lao jipya.

Baada ya magugu, jembe linashuka sentimita 15 hadi 20, na samadi inachanganywa, maana kichanga cha pwani hakishiki maji wala chakula. Samadi yenyewe iwe imeoza barabara. Mbichi huunguza mizizi, tena huja na mbegu za magugu. Kisha reki, kisha ubao mrefu unaokokotwa kutafuta vilima na mashimo. Sehemu iliyosawazishwa vizuri haiko bapa kabisa: huinama sentimita moja au mbili kwa kila mita, kutoka ukutani kwenda nje, ili mvua za masika zisiingie barazani. Mwisho, pipa lililojazwa maji huviringishwa juu yake. Pasiposhindiliwa, miezi michache baadaye kila unyayo utaacha kishimo.

Siku ya kutandika mwendo hubadilika, kila kitu kikawa mbio. Ukoka uliokatwa pamoja na udongo wake, kwa unene wa sentimita mbili au tatu, haupendi kurundikwa. Hupata joto ndani ya rundo na kuanza kuwa njano. Gari lifike asubuhi, na ardhi iwe imeshaloweshwa. Fundi huanzia kwenye ukingo ulionyooka. Safu ya pili huipanga kama mwashi apangavyo tofali, kiungo cha juu kikiangukia katikati ya kipande cha chini. Kingo huzisukuma kwa viganja mpaka zigusane bila kupandana, kwani mwanya hata wa kidole ndipo ukavu unapoanzia. Penye mteremko hukilaza kipande kukingama na kukipigilia vijiti. Hakanyagi alipomaliza, hutembea juu ya ubao.

Jioni ile ua hung'ara, na ung'avu huo ni wa uongo. Ukoka uliotandikwa juu ya kifusi na uliotandikwa juu ya udongo mzuri hufanana siku ya kwanza. Kweli hujitenga na uongo wiki ya pili au ya tatu, ambapo fundi mpita njia aliyelipwa fedha zote taslimu haonekani tena. Ndiyo sababu ninamtetea fundi wa mtaa, yule ambaye njia yake ya kila siku inapita mbele ya geti lako. Huyo hurudi. Hushika kona ya kipande na kuivuta taratibu. Ikigoma, mizizi imeingia. Hapo hukwambia upunguze siku za kumwagilia lakini uongeze maji kila unapomwagilia, ili mizizi iyafuate chini. Na siku ya kukata mara ya kwanza, atakuzuia usiondoe zaidi ya theluthi ya urefu wa jani.

Wapo watakaosema huu wote ni ulimbwende wa kizungu. Mtindo wa ua wa majani kweli umetoka huko, na mashine ya kukatia ilibuniwa na Mwingereza Edwin Budding mwaka 1830. Majani yenyewe ni habari nyingine: nyasi ya Kikuyu, inayopamba uwanja wa gofu wa Riviera kule Los Angeles, asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Hoja ya maji ndiyo nzito. Katika jiji lenye mgao, kumwagilia ua mzima huku jirani akibeba ndoo kunatia aibu. Fundi mkweli analijua hilo. Atakushauri usubiri vuli au masika, upande eneo unaloweza kulihudumia tu, na sehemu iliyobaki ibaki mchanga wa kufagiwa, kama nyua za pwani zilivyokuwa na zikapendeza. Ushauri huo unapunguza ujira wake, na anautoa hata hivyo. Kipimo cha ufundi wake sikioni kwingine.

Basi ukimpata wa namna hiyo, usimbane kwa bei ya mwenzake anayemaliza kwa siku moja. Mpe muda wa kung'oa ndago. Patana naye malipo ya awamu mbili: ya kwanza akianza, ya pili siku atakapovuta kona ya kipande ikagoma. Siku hiyo mlipe palepale, bila kumwambia arudi kesho.