Kiambato Kipimwe kwa Jua la Bariadi

Faida ya kiambato cha kipodozi haimo katika jina lake wala katika bei ya chupa. Imo katika kazi ambayo ngozi ya mtu fulani, mahali fulani, inaihitaji. Ushahidi mzuri tulionao nchini ni Kilisun, losheni ya kukinga jua inayotengenezwa Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, na kugawiwa bure kwa watu wenye ualbino. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu 1 mwenye ualbino katika kila watu 1,400, na adui yao mkubwa kiafya ni saratani ya ngozi. Walioitengeneza walianza na ngozi isiyo na melanini, inayoishi chini ya jua la utosi, ya mtu asiye na fedha ya kununua losheni ya dukani. Ndipo wakachagua vichujio vya miale ya urujuanimno, kwa msaada wa kampuni ya BASF ya Ujerumani, na kufikia kinga ya kiwango cha 30, ambayo huzuia takriban asilimia 97 ya miale inayounguza.

Kiwango hicho, hata hivyo, hupimwa maabara kwa kupaka miligramu 2 kwenye kila sentimita moja ya mraba ya ngozi, na watu wengi hupaka nusu yake au pungufu. Mkoani Simiyu upungufu huo una gharama kubwa. Bariadi iko karibu nyuzi 3 kusini mwa ikweta, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Pamba ya huko nayo hupaliliwa na kuchumwa kwa mikono, uwandani, mchana. Kwa hiyo losheni bila kofia pana na nguo ya mikono mirefu haitoshi, na aliyepaka asubuhi hana budi kurudia kila baada ya saa mbili.

Mwenye ngozi nyeusi atasema hayo hayamhusu. Kwa sehemu ana haki: melanini yake ni kinga aliyozaliwa nayo, na vipimo vya maabara vimewahi kuikadiria kuwa sawa na losheni ya kiwango cha 13 hivi. Ndiyo maana mkorogo, mchanganyiko wa kuchubua ngozi, unanitia uchungu. Haidrokwinoni iliyomo huzuia kimeng'enya kinachotengeneza melanini. Zebaki hufanya hivyo hivyo na kuharibu figo. Steroidi kali huifanya ngozi kuwa nyembamba. Wanaoutetea husema unafanya kazi, na kweli unafanya, kwani uso hung'aa. Lakini kazi yenyewe ni kumvua mtu kinga ileile ambayo mafundi wa Moshi wanahangaika kumtengenezea asiyekuwa nayo. Serikali ilipiga marufuku viambato hivyo katika vipodozi kwa sababu za msingi.

Wapo wanaokimbilia vya asili wakiamini haviwezi kudhuru. Mafuta ya alizeti yana asidi linoleiki nyingi, ambayo ngozi huitumia kujenga ukuta wake wa nje, nami nayaunga mkono. Ndimu nayo ni ya asili, ila maji yake yakiwa mwilini juani huweza kuichoma ngozi na kuacha mabaka meusi. Upande wa pili, mafuta ya mgando hudharauliwa kwa kuwa yametokana na mafuta ghafi, ilhali yakisafishwa ipasavyo ni miongoni mwa vizuizi bora vya upotevu wa maji mwilini. Gliserini huvuta maji, mgando huyafungia ndani. Ukipaka ngozi ikiwa bado na unyevu wa kuoga, umepata karibu yote ambayo krimu ghali ya kulainisha inaahidi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo viwili kinachozuia jua.

Halmashauri za Simiyu zihesabu losheni ya jua miongoni mwa dawa za zahanati, na ziifikishe kwa watu wenye ualbino kabla palizi haijaanza. Nawe mnunuzi, geuza kopo usome. Lisiloorodhesha viambato vyake liache dukani.